Kimoduli chako si feki, kina njaa!

Wiki hii mambo ya mapenzi tunayaweka kando kidogo, msininunie. Kuna kasheshe nyingine mjini ambayo nayo inagombanisha watu vilevile. Ni vile vidude vya Wi-Fi ambavyo vijana siku hizi wanavichomeka kwenye matangi ya maji, taa, mageti na mabanda ya kuku, ili mwenye nyumba awe zake Msamvu anapata soda baridi huku simu inamwambia kwamba tangi la nyumbani limejaa.

Kidude kikikubali, fundi anaitwa "injinia". Kikigoma, anaitwa tapeli. Na vinagoma kweli, tena sana. Hapo ndipo utasikia lile neno letu Wabongo linalofunga kila mjadala kijiweni: "Feki hiyo!" Simu ikizimika, feki. Pasi ikiungua, feki. Kiatu kikifunua mdomo mvua ya kwanza, feki. Mimi leo nabisha. Nimekaa mezani na vijana wanaotengeneza vidude hivi, nimeviona vikifa na kufufuka, na nawaambia kwamba vingi kati ya hivyo mnavyovitukana havina ugonjwa wowote. Vina njaa ya umeme, basi.

Tujuane nacho kwanza. Kimoduli kilichoanzisha mambo yote haya kinaitwa ESP-01. Ni kidogo kiasi kwamba ukikilaza juu ya kiberiti, nafasi inabaki. Kina miguu 8, chipu mbili nyeusi, na upande mmoja kuna mstari wa shaba uliojipinda-pinda kama nyoka. Huo mstari ndio antena. Chipu kubwa ni ESP8266 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, China, ambayo ilianzishwa mwaka 2008 na Msingapori aitwaye Teo Swee Ann. Mwaka 2014 vimoduli hivi vilipomwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, mafundi wa Ulaya na Marekani walichanganyikiwa, maana mpaka hapo kukipa kifaa Wi-Fi ilikuwa starehe ya wenye mapesa. Maelezo yake yalikuwa Kichina kitupu. Watu wakakaa wakatafsiri wenyewe kwa wenyewe, na baada ya muda si mrefu ikajulikana kwamba ndani ya ile chipu mna kompyuta nzima unayoweza kuiandikia programu yako. Mwaka 2016 akaja mdogo wake mwenye nguvu zaidi, ESP32, ambaye ana na Bluetooth juu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Kuna mama mmoja wa Kihonda anafuga kuku wa nyama. Alichukua vifaranga 200 wa siku moja, na wale mnaofuga mnajua shughuli yake. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, usiku na mchana, halafu unampunguzia nyuzi kama 3 kila wiki. Jiko la mkaa likizimika saa 9 usiku, na ule ubaridi wa mwezi wa saba ukishuka kutoka Uluguru, vifaranga wanajibana kona moja wanakandamizana mpaka wanakufa. Huyo mama alikuwa anaamka mara tatu kila usiku kuangalia jiko. Akachoka. Kijana mmoja fundi wa Mafiga akamwambia, "Mama, nakutengenezea kitu, utalala mpaka asubuhi. Joto likishuka, simu yako inalia."

Kijana hakuwa anazuga. Alichukua kimoduli, akakifunga sensa ya joto, akaandika programu, akakijaribu nyumbani kwake siku nzima. Kikawa "bomba". Akakipeleka Kihonda, akakifunga bandani, akalipwa nusu. Usiku wa kwanza salama. Usiku wa pili jiko likazimika, simu haikulia, na asubuhi mama akakuta vifaranga zaidi ya 30 wamelala kona moja, wamekauka.

"Mwanangu, umeniuzia nini?"

"Mama, nisamehe, kile kimoduli nadhani ni feki. Nakuletea kingine bure."

"Na vifaranga utaniletea wengine bure?"

Kijana kimya. Akaleta kimoduli cha pili, kikafanya vilevile. Cha tatu, vilevile. Kinawaka, kinatafuta mtandao, kinazimika, kinawaka tena, usiku kucha kama taa ya disko. Hapa ndugu msomaji tumia akili kidogo: vitu vitatu ulivyonunua sehemu tofauti haviwezi kufa kifo kimoja kwa bahati mbaya. Aliyeua yuko bandani.

Aliyemkamata ni mzee mmoja fundi redio, wa enzi zile za redio za mkulima, ambaye hata nywila ya Wi-Fi ya kwake anaandikiwa na mjukuu. Mzee hakuuliza habari za programu wala mtandao. Aliuliza swali moja tu: "Mnakilisha nini?"

Kikawa kinalishwa hivi. Chaja ya simu ya volti 5 ilikuwa ndani ya nyumba, kwenye soketi. Kutoka hapo ulivutwa waya mwembamba kama wa spika, mita 7 hivi, mpaka bandani. Kule mwisho kuna kile kipande kinachopunguza volti 5 kuwa 3.3, maana ESP8266 inakula volti 3.3 na ukiipa 5 moja kwa moja unaichoma. Mzee akapima kwa mita yake: volti 3.3, sawasawa kabisa.

"Umeona mzee? Umeme upo," kijana akasema.

"Mita yangu mzee kama mimi," fundi akajibu. "Inaona mambo polepole."

Jibu hilo lilinifurahisha, maana ugonjwa wote umo humo. Kimoduli hiki kikiwa kimewaka kinasikiliza mtandao kinakula kama miliampea 70 au 80. Hiyo si kitu. Lakini kila kinapofungua mdomo kutuma ujumbe hewani, ulaji unaruka hadi miliampea 170 na zaidi, na vinakuja vilele vifupi vinavyopita hata 300. Vilele hivyo vinadumu kwa muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde. Mita ya kawaida haiwahi kuviona, inakuonyesha wastani tu. Chipu yenyewe lakini inaviona, kwa sababu katika kufumba na kufumbua volti zinaporomoka chini ya kiwango, nayo inazimika na kuanza upya.

Piga hesabu na wewe. Ule waya mwembamba wa mita 7, kwenda na kurudi mita 14, unaweza kuwa na ukinzani wa omu 3. Kimoduli kikinywa miliampea 80, waya unakula robo ya volti, hakuna neno. Kikiruka miliampea 300, waya unameza karibu volti 1 nzima. Zile 5 zinafika zikiwa 4.1. Na kile kipande cha kupunguzia volti wanachotumia vijana wengi, AMS1117, kinahitaji kuingiziwa kama volti moja na kidogo zaidi ya hiyo kinayotoa, yaani karibu 4.5, ndipo kitoe 3.3 ya uhakika. Kikipewa 4.1 kinatoa pungufu. Kwaheri kimoduli.

Na kwa nini nyumbani kwa fundi kilikubali? Mezani waya ulikuwa wa shubiri moja, na ruta iko palepale. Bandani waya mrefu, ruta mbali. Ruta ikiwa mbali ujumbe unapotea, kimoduli kinarudia kutuma, tena polepole zaidi, kwa hiyo kinakaa muda mrefu zaidi katika ule ulaji mkubwa. Ndiyo maana mtu anaapa kwa Mungu kwamba kilikuwa kinafanya kazi, na hasemi uongo.

Tiba ya mzee ilikuwa ya ajabu kwa urahisi wake. Alifungua redio mbovu, akatoa kapasita ya maikrofaradi 470, akailehemu karibu kabisa na miguu ya umeme ya kimoduli, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kapasita ni kama mtungi wa maji mlangoni: bomba likiwa linachuruzika, wewe unachota kwenye mtungi. Akaongeza na kale kadogo ka kauri ka maikrofaradi 0.1 kwa ajili ya vile vishindo vya haraka zaidi. Waya ule akautupa, akavuta mnene wa umeme wa kawaida. Kimoduli cha kwanza, kile kilichotukanwa feki na kutupwa kwenye boksi, kikarudishwa kazini na hakikuzimika tena.

Ugonjwa huuhuu unawapata wanafunzi kwa njia nyingine. Wanakilisha kimoduli kutoka kwenye mguu wa 3.3 wa bodi ya Arduino Uno, au kwenye kile kiwaya cha kuunganishia na kompyuta. Mguu wa 3.3 wa Uno umeruhusiwa kutoa miliampea 50 tu. Wa chipu ya FT232R iliyomo kwenye viwaya vingi hivyo, 50 vilevile. Hamsini kwa mlaji wa 300! Ni kumwalika bondia chakula cha mchana ukamtengea andazi moja. Espressif wenyewe wanashauri umeme unaoweza kutoa miliampea 500 au zaidi. Na wale wanaofunga betri ya lithiamu ya volti 3.7 kupitia AMS1117, mmeshajua tatizo, hesabu ni ileile. Tafuta kipunguza volti kinachoridhika na tofauti ndogo.

Mdogo mtu, ESP32, ana ustaarabu zaidi: volti zikishuka anaandika kwenye skrini ya kompyuta kwamba umeme umeporomoka, halafu ndio anajizima. ESP8266 haisemi wazi hivyo, ila na yenyewe ina namna yake ya kulalamika. Kila inapowaka inatema mstari wa herufi za ajabu, na vijana wanadhani imeharibika. Si uharibifu. Inaongea kwa kasi ya 74880 wakati kompyuta yako imetegwa kusikiliza 115200. Ukitega sawa utasoma sababu ya kuwaka kwake: 1 maana yake umeme umeingia upya, 2 kuna aliyebonyeza riseti, 4 yule mlinzi wa ndani ameona programu imelala akaizaba kibao. Ukiona 1 inajirudia kila dakika na hakuna mtu aliyegusa swichi, usihangaike na programu, angalia chakula.

Feki zipo, sikatai. Kuna bodi zinazouzwa zimeandikwa kumbukumbu kubwa kumbe ndogo, na kuna zilizochomelewa vibaya. Lakini hiyo ni hukumu ya mwisho, baada ya ushahidi.

Mkadhani kisa cha Kihonda kimeishia hapo? Thubutu! Wiki moja baadaye umeme ukakatika usiku, ukarudi. Ruta inachukua dakika moja au zaidi mpaka iamke, inyooshe mgongo, iutafute mtandao. Kimoduli kinaamka chini ya sekunde moja. Kikatafuta Wi-Fi, hakuna. Kijana alikuwa amekiandikia kijaribu mara 20 kisha kizime redio yake, basi. Ruta ilipoamka, kimoduli kilikuwa kimeshakata tamaa, kimekaa bandani kinapima joto bila kumwambia mtu. Safari hii mama alikuwa macho na hakupoteza kifaranga, ila maneno aliyomwambia kijana gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Na hapa ndipo mimi namlaumu fundi, si kwa ule waya. Kifaa chake kilikuwa kinapiga kelele wakati wa hatari tu. Kwa hiyo kikifa, kinakaa kimya, na ukimya huo mama anausoma kwamba joto liko poa. Maiti na mzima wanasema neno moja! Kifaa cha namna hii unakigeuza: kila baada ya dakika 10 kinatuma "nipo, nyuzi 33", na anayepiga kelele ni yule anayesubiri ujumbe, yaani seva au simu, pale unapokosa kufika. Dakika 20 zikipita kimya, simu inalia. Hapo hata kimoduli kikiungua, hata panya akikata waya, mama anaamshwa. Halafu unaongeza king'ora kidogo cha betri palepale bandani ambacho hakijui Wi-Fi ni nini. Joto likishuka kinalia tu. Umeme ukikatika ruta nayo inazimika, hivyo ujumbe wa mtandaoni ungekusaidia nini saa hizo?

Kijana aliyafanya yote mawili. Nusu ya pili ya hela bado wanaijadili, na mimi hiyo siingilii.

Kuna makosa mengine ambayo hayahusiani na njaa, na nayataja harakaharaka kwa sababu nimeyaona zaidi ya mara moja hapahapa mjini. La kwanza ni la wenye ruta na simu mpya. Wi-Fi siku hizi inarushwa kwa masafa mawili makubwa, gigahezi 2.4 na 5. ESP8266 inasikia 2.4 tu, na ESP32 ya kawaida vilevile. Ukifungua hotspoti ya simu yako mpya ikawa inarusha kwa 5, kimoduli hakikuoni kabisa, wakati mshikaji wako aliyekaa pembeni na simu yake anaperuzi raha mustarehe. Ingia kwenye mipangilio, ichague 2.4. Kwenye iPhone kuna kitufe cha kuongeza upatanifu kwenye hotspoti, kiwashe. Na kama ruta imetegwa ikubali ulinzi wa WPA3 peke yake, vimoduli vingi vya zamani vitabaki mlangoni vinabisha hodi.

La pili ni bati. Kijana anaweka kazi yake ndani ya boksi zuri la chuma ili isinyeshewe, anafunga skrubu nne, mtandao unapotea. Antena ndani ya chuma ni mtu anayeongea akiwa amezibwa mdomo na blanketi. Tumia boksi la plastiki, na ile ncha yenye nyoka wa shaba iwe nje ya bodi, mbali na waya, betri na misumari, angalau sentimita moja na nusu. Banda la bati pande zote nalo ni boksi la chuma, kubwa tu. Kimoduli kinaweza kukupimia nguvu ya mtandao kwa namba za hasi: hasi 50 ni raha, hasi 70 unaishi, hasi 85 ni dua tu. Sogeza kwa sentimita 10 uone namba inavyobadilika, maana wimbi la masafa haya lina urefu wa sentimita 12 na nusu, na hatua ndogo hivyo inaweza kukutoa motoni.

La tatu ni la wapenzi wa ESP32. Ina miguu mingi ya kupimia, lakini baadhi, lile kundi la pili, haipimi wakati Wi-Fi imewashwa. Mtu anajaribu sensa yake ya unyevu bila Wi-Fi, poa. Anawasha Wi-Fi, sensa inasoma upuuzi. Anatupa sensa. Hamishia waya kwenye mguu wa kundi la kwanza, yameisha.

Nimepokea pia maulizo ya wale wenye mashamba kule juu, njia ya Morningside na vijiji vya mteremko wa Uluguru, wanataka kupima maji na udongo huku wao wakiwa mjini. Hapa nitawakatisha tamaa kidogo. Wi-Fi ya kimoduli hiki, kwa uwazi kabisa bila kizuizi, ni ya mita mia moja hivi ukiwa na bahati. Mlima haupenyi. Majani mabichi yenye maji yanaimeza, na Uluguru ni majani mabichi yenye maji karibu mwaka mzima, ndiyo maana mto Ruvu unawanywesha hadi watu wa Dar. Minara mliyozoea kuiona kule Bondwa, juu ya mita 2,000, haikujengwa kileleni kwa ajili ya mandhari. Redio inataka kuonana. Kwa shamba la mlimani tumia redio ya LoRa, inayotuma maneno machache kwa masafa ya chini na kufika kilomita kadhaa kama hakuna kilima katikati, halafu kule chini penye ruta ndipo ESP32 ipokee na kuingiza mtandaoni. Vimoduli vya Espressif vina pia njia ya kuongea vyenyewe kwa vyenyewe bila ruta, inaitwa ESP-NOW, inayofaa kutoka bandani hadi nyumbani, ila mlima nayo haiupandi.

Na msidhani haya ni matatizo ya mabanda ya kuku tu. Hapohapo SUA wako wale jamaa wa APOPO, shirika lenye asili ya Ubelgiji lililoweka kambi Morogoro mwaka 2000, wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mnamkumbuka Magawa, panya wa kwetu aliyepelekwa Kambodia akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020? Aligundua mabomu ya ardhini 71. Sasa APOPO wana kazi nyingine: kuwafundisha panya waingie kwenye vifusi vya majengo yaliyoporomoka kutafuta watu walionasa, wakishirikiana na waokoaji wa GEA wa Uturuki. Panya anavaa kifulana chenye mkoba mgongoni. Ndani ya mkoba mna kamera, kipaza sauti cha kuongea pande zote mbili na kifaa cha kutambulisha mahali alipo. Akimfikia mtu, anavuta kitufe kilichoning'inia kifuani, kinalia, kisha anarudi. Katika kuutengeneza mkoba huo walishirikiana na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi.

Angalieni sasa. Panya buku ana uzito wa kilo moja na kidogo. Ukimwekea betri kubwa, hapiti kwenye tundu. Ukimwekea ndogo, kamera inakufa akiwa chini ya zege. GPS inayotegemea setilaiti haipenyi kifusi, kwa hiyo namna ya kujua panya yuko wapi inabidi itafutwe nyingine. Mkoba ukimchosha au kumkwaza, panya mwenyewe anagoma, na panya hana cha kusema "feki", anakaa tu. Kile kilichomsumbua kijana wa Mafiga kwenye waya wa mita 7, yaani umeme utoke wapi na redio ifike wapi, ndicho kinachowasumbua mainjinia wa Eindhoven. Tofauti ni kwamba wao walipima kwanza, wakajaribu kwenye vifusi vya mazoezi hapa Morogoro.

Nimalizie na betri basi, kwa kuwa ndilo swali linaloulizwa kuliko yote: "Kitakaa muda gani bila chaja?" Betri ya miliampea-saa 2,000, kimoduli kikiwa macho muda wote kwa miliampea 80, ni saa 25. Siku moja tu! Lakini ESP8266 inajua kulala usingizi mzito, ikala miliampea 0.02 peke yake. Unaunganisha mguu namba 16 na mguu wa riseti kwa kipande cha waya, unaiambia ilale dakika 15, iamke sekunde 5, ipime, itume, ilale tena. Wastani unashuka hadi karibu nusu miliampea, na betri ileile kwenye karatasi inafika saa 4,000 na ushee, miezi mitano au sita. Ukisahau ule waya wa kutoka 16, italala isiamke, na utaanza kutafuta wa kumlaumu. Angalizo: hesabu hiyo ni ya kimoduli kitupu. Zile bodi kubwa zenye tundu la USB na kataa kekundu zina vitu vingine vinavyokula hata chipu ikiwa imelala, na taa hiyo peke yake inaweza kunywa kuliko chipu mara nyingi. Mafundi wa mjini wanaing'oa kwa ncha ya kisu. Kwa vifaranga lakini kulala dakika 15 ni kwingi, kwa hiyo bandani vuteni umeme, waya mnene.

Haya, nafasi imekwisha. Wale mnaotengeneza ili kuuza, kumbukeni TCRA wana utaratibu wa kuthibitisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni, nendeni mkaulize mapema. Wale mnaonunua, muulizeni fundi kitu hicho kitafanya nini umeme ukikatika na kurudi saa 9 usiku. Akianza longolongo, msilipe hata ile nusu. Tuonane wiki ijayo.